Picha ya MRI haitabiri upasuaji wa Parkinson jinsi mnavyodhani

Jumanne iliyopita kijana mmoja kutoka Ahero aliingia kliniki akiwa amekumbatia bahasha ya kaki yenye filamu za MRI za baba yake. Mzee alikuja nyuma yake akiburuta mguu wa kulia, kidole gumba kikisugua cha shahada kama mtu anayehesabu noti. Kabla sijamkaribisha mzee kiti, bahasha ilikuwa tayari mezani. "Daktari, tumeambiwa picha ni safi. Kwa hiyo ile operesheni ya kuwekewa nyaya kichwani itamfaa, sivyo?"

Nyaya hizo hupeleka umeme mdogo wa betri ndani ya ubongo ili kutuliza dalili za Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na kukaza mwili. Swali la kijana huyo nimelisikia mara nyingi mno hapa Kisumu, na linaniuma kwa sababu kuna familia zinazouza ng'ombe kulipia picha ya pili na ya tatu, zikitumaini mojawapo itatoa jibu.

Picha safi ni jambo la kawaida kwa mwenye Parkinson. Seli zinazokufa, zile zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo, ziko kwenye kipande kidogo cha shina la ubongo, na MRI ya kawaida haionyeshi kupungua kwake. Tunaiagiza ili tujue kama kuna kitu kingine: kiharusi, uvimbe, au maji yaliyojaa kichwani. Basi picha safi haimaanishi kwamba mzee hana Parkinson, wala haimaanishi kwamba upasuaji utamsaidia.

Tunachokitegemea zaidi kutabiri ni jinsi mwili unavyoipokea levodopa, dawa kuu ya Parkinson, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Mgonjwa hulala bila dawa, kisha asubuhi tunampima: agonge vidole, afungue na kufunga ngumi, ainuke kitini bila kushika, atembee hadi mwisho wa korido na kugeuka. Kila kitu kinapewa alama, na kadiri hali ilivyo mbaya ndivyo alama zinavyokuwa nyingi. Halafu anameza dozi kubwa kidogo kuliko yake ya asubuhi, tunasubiri kama saa moja, tunapima upya. Alama zikipungua kwa theluthi moja au zaidi, hapo tuna sababu ya kuzungumzia nyaya. Mzee wa Ahero alirudi Alhamisi kwa kipimo hicho. Saa mbili asubuhi kifungo cha shati kilimshinda kabisa, mwanawe akataka kumsaidia nikamzuia. Saa tatu na nusu alikifunga mwenyewe, akafungua, akafunga tena. Kifungo kile kilinieleza zaidi ya filamu zote zilizokuwa kwenye bahasha. (Msijaribu hili nyumbani. Kuacha levodopa ghafla bila usimamizi ni hatari.)

Kwa jumla, ambacho dawa haikigusi, upasuaji nao hautakigusa. Ikiwa mama huanguka hata dawa inapofanya kazi vizuri, au husahau majina ya wajukuu, nyaya hazitamrudishia hayo. Isipokuwa mtetemeko: huo unaweza kutulia kwa umeme hata pale vidonge viliposhindwa.

Je, picha haina kazi? Inayo, na ni kubwa, ila si ile mnayoifikiria. Mara nyingi waya hulengwa kwenye kiini cha sabuthalamasi, kijisehemu kilicho ndani kabisa ya ubongo, chenye umbo la dengu na upana wa milimita chache tu, na sehemu inayohusika na mwendo ni upande wake mmoja. Ukipotoka milimita 2 au 3, umeme unamwagikia nyuzi za jirani na mgonjwa anaanza kuvutwa mdomo au kuongea kwa kukokota. MRI nzuri ndiyo inayomwongoza daktari apite wapi, na humwonyesha pia kama ubongo umesinyaa au una makovu yanayoongeza hatari.

Wanaosoma mitandaoni huniambia kompyuta sasa inatabiri kwa picha. Ni kweli kwamba mwaka 2017 mtafiti wa ubongo Andreas Horn na wenzake walichunguza wagonjwa wa Berlin na Würzburg, Ujerumani, jumla 95, wakaonyesha kwamba njia za mawasiliano zinazounganisha eneo la waya na sehemu nyingine za ubongo zinakadiria nafuu ya mgonjwa. Kazi hiyo naiheshimu sana. Lakini angalieni walichopima: waya ulikuwa umeshawekwa. Hesabu ilianzia pale uliposimama kichwani, si kwenye picha ya mtu ambaye hajapasuliwa. Na wastani wa kosa kwa mtu mmoja mmoja ulikuwa asilimia 15, yaani aliyekadiriwa nafuu ya 45 angeweza kabisa kupata 30 au 60. Hiyo inasaidia sana kuboresha mahali pa kulenga. Haitoshi kumwambia mwanao auze shamba.

Mengine nitayapitia haraka. Upasuaji hauponyi, ugonjwa unaendelea chini yake. Nyaya haziunguzi ubongo: zamani ndiyo walikuwa wakichoma tishu, hadi daktari wa upasuaji wa ubongo Benabid na wenzake wa Grenoble, Ufaransa, walipoanza mwaka 1987 kutumia umeme wa kasi usioharibu, ambao unaweza kuzimwa. Aliyewekewa nyaya hakatazwi MRI maisha yake yote. Vifaa vingi vya sasa vinaruhusu kwa masharti, mradi abebe kadi ya kifaa chake. Na kutoka chumba cha upasuaji si mwisho wa safari. Mipangilio ya umeme hurekebishwa kwa miezi, na betri isiyochajiwa hubadilishwa baada ya miaka michache, kwa hiyo nauli za kurudi zipangwe mapema.

Badala ya picha ya tatu, nunueni daftari. Andikeni saa ya kila kidonge, saa mwili unapolegea na saa unapokaza tena, kwa wiki mbili. Andikeni pia chakula, kwa sababu samaki, nyama na maziwa vikiliwa pamoja na kidonge huchelewesha levodopa, na kuna wazee niliodhani dawa imewashinda kumbe wanaimeza na chai ya maziwa na mayai. Kisha mrekodini kwa simu akitembea kabla ya dozi na saa moja baadaye, miguu yote ionekane. Mkija na hivyo viwili, tutaanza mazungumzo mahali pazuri.