Waya ukikatika, swichi ijue: poti ya kuelekeza na kiolesura cha VLAN

Katika ofisi moja ya Upper Hill, Nairobi, yenye majengo mawili, wachimba mtaro walikata faiba saa nne asubuhi. Njia ya akiba ilikuwepo: redio mbili juu ya paa, zilizofungwa kwa ajili ya siku kama hiyo. Hazikupitisha hata pakiti moja. Nilipofika chumba cha mitambo nilikuta taa ya poti ya faiba imezimika, lakini skrini ilisoma: Vlan900 is up, line protocol is up, yaani kiolesura cha kiungo hicho bado kiko hai. Hadi saa saba mchana jengo la pili halikuwa na simu wala mfumo wa malipo.

Swichi ya tabaka la tatu hupitisha fremu (vifurushi vya data) ndani ya VLAN, yaani mtandao mdogo uliotengwa ndani ya swichi, na pia huelekeza pakiti kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, kama ruta. Ili ielekeze inahitaji anwani ya IP, na pa kuiweka anwani hiyo ni pawili.

Pa kwanza ni kiolesura pepe cha VLAN, ambacho mafundi hukiita SVI. Hakina tundu la kuchomeka waya. Ni lango la VLAN nzima: kompyuta za wahasibu zikiwa kwenye poti 30 tofauti, zote hutokea lango hilo moja. Nacho hubaki hai mradi poti moja tu ya VLAN hiyo iko hai na inapitisha data.

Pa pili ni poti yenyewe, ambayo hapo huitwa poti ya kuelekeza. Ukiipa amri ya no switchport, haibebi tena VLAN. Anwani inakaa pale pale waya ulipochomekwa. Waya ukifa, poti inakufa nao, na kila njia iliyopitia hapo inafutwa mara moja.

Sasa turudi Upper Hill. Aliyeunganisha majengo yale alitumia VLAN 900 na SVI kila upande. Tranki, yaani kiungo cha swichi kwa swichi kinachobeba VLAN nyingi, usipoibana hubeba VLAN zote, kwa hiyo VLAN 900 ilikuwa imesambaa hadi swichi za ghorofani, ambako hakuna aliyeihitaji. Faiba ilipokatika, poti za kuelekea huko zilikiweka hai kiolesura. Njia kuu ilikuwa imeandikwa kwa mkono, na swichi iliendelea kuiamini ikitupa data gizani. OSPF, itifaki ambayo swichi hutumia kuambiana njia, ingegundua, ila kwa mipangilio ya kawaida ya Ethernet ingesubiri sekunde 40.

Ndiyo maana nashauri hivi: palipo na watumiaji, weka SVI; swichi inapokutana na swichi nyingine ya tabaka la tatu, tumia poti ya kuelekeza. Kiungo hicho kinahitaji anwani 2 tu, na /31, yaani mtandao wa anwani mbili pekee, inaruhusiwa tangu RFC 3021, waraka wa kanuni za intaneti wa mwaka 2000. Faida nyingine naithamini zaidi: poti hiyo haimo kwenye STP (itifaki ya kuzuia vitanzi) wala haivushi matangazo ya VLAN, yaani fremu zinazotumwa kwa wote. Mtu akichomeka ncha zote mbili za waya mmoja ukutani, kitanzi kitaliumiza jengo lake, lakini dhoruba ya matangazo haitavuka kwenda la pili.

Kasi isikusumbue. Pakiti za SVI na za poti ya kuelekeza huelekezwa na chipu ile ile.

Kuna mahali SVI haikwepeki. Ngome-moto (firewall) mbili zinazopokezana kazi huchomekwa kwenye poti mbili lakini hushiriki mtandao mmoja, na hilo poti ya kuelekeza haiwezi. Na kama katikati ya faiba kuna kibadilishi (media converter), poti yako inaweza kubaki hai hata upande wa pili ukifa. Hapo ongeza BFD, itifaki inayopima haraka kama upande wa pili bado unajibu.

Kabla ya kubadilisha, hakikisha ip routing, amri inayoiruhusu swichi kuelekeza, imewashwa. Amri ya no switchport huiondoa poti kwenye VLAN zake papo hapo, kwa hiyo usiitoe ukiwa umeingia kwenye swichi kupitia poti hiyo hiyo. Utajifungia nje, na itabidi uende mwenyewe na kebo ya konsoli.

Jumamosi iliyofuata tulibadilisha poti za pande zote mbili. Kisha tukaacha ping ikienda, nikaichomoa faiba kwa mkono wangu. Ilipotea pakiti moja, na zilizofuata zikapita kwenye redio za paani.