Dagaa wa Kigoma tunawala, wavuvi wao hatuwajui

Sokoni Mbuyuni, hapa Moshi, mteja akitajiwa bei ya dagaa wa Kigoma huguna: "Si wanachota tu ziwani?" Kauli hiyo inaniuma, maana hakuna anayechota. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: mwanga unawakusanya juu ya maji, kisha wavu unainuliwa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa na taa haiwavuti tena, kwa hiyo wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa wakishona nyavu, mfuko mtupu. Mwaka 2024 Serikali ilisitisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu, na watoto wanahitaji kula.

Wengine hudai mchanga kwenye dagaa umetiwa na muuzaji ili kuongeza uzito. Mara nyingi si hivyo. Wameanikwa ufukweni, juu ya mchanga wenyewe. Mwaga wachache kiganjani: wakiwa weupe wa kung'aa, bila chembe inayokwaruza, huenda walikaushwa kwenye vichanja. Hao wana haki ya kuuzwa ghali zaidi, jamani.

Kwamba huko wanaishi kwa samaki pekee, si kweli. Mwambao wa Kigoma una michikichi na mihogo. Mawese yake tunayapikia hata huku.

Dhana inayonisumbua kuliko zote ni ile ya kwamba ziwa halina mawimbi ya kutisha. Tanganyika ina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina. Kiangazi upepo wa kusini hulipitia kwa urefu wake, na ziwa likichafuka boti haziondoki. Kuna vijiji kusini mwa Kigoma ambavyo njia yao ni maji tu. Boti isipokuja, sukari inaisha dukani na dawa zinaisha zahanati. Mama akishikwa na uchungu usiku huo na mtoto amekaa vibaya, ndugu zake husimama ufukweni wakipima mawimbi: waondoke naye, au wangoje alfajiri? Sisi tunapigia bajaji simu. Boti ya wagonjwa yenye injini nzima, na mafuta yaliyowekwa akiba, wanastahili kuwa nayo sasa.