Je, wajua kwa nini mtu anaweza kuusoma uchungu wako asiguswe nao?

Simu inamlilia mzazi huko Masaka, Uganda: "Mama, mtoto wako ameanguka huku bwenini, tuko hospitali, tuma laki tatu upesi." Tapeli huyo anajua fika moyo wa mzazi utavunjikia wapi, na anajua asimpe nafasi ya kufikiri. Je, amekosa huruma, au anawaelewa watu kupita kiasi?

Wanasaikolojia hutenganisha mambo mawili. La kwanza ni kutambua mwenzako anahisi nini. La pili ni kuguswa: yeye akilia, mwili wako unasisimka kabla hujaamua lolote. Kwa mwenye hulka za kisaikopathi, yaani mtu mwenye tabia ya kudumu ya ulaghai na kutojali hisia za wengine, la kwanza mara nyingi liko sawa. Pengo liko kwenye la pili. Mwaka 1997, James Blair na wenzake huko Uingereza waliwaonyesha wanaume wa aina hiyo picha za watu wenye majonzi, huku wakipima jasho la ngozi zao. Mwitikio ulikuwa hafifu kuliko wa watu wengine. Zilipokuja picha za vitisho, tofauti haikuonekana.

La kushangaza zaidi lilitoka Uholanzi mwaka 2013. Wahalifu masaikopathi walitazama video za mikono ikibembelezwa, ikipigwa, ikisukumwa. Walipotazama tu, sehemu za ubongo ambazo mtu hutumia anapoumia mwenyewe zilizubaa kuliko za watu wengine. Walipoambiwa wajitahidi kuhisi anachohisi mwenye mkono, tofauti ikapungua sana. Uwezo upo, basi, ila haujiwashi wenyewe. Madai kwamba wameumbwa bila moyo hayasimami.

Wala usimwite kila tapeli saikopathi. Wengi wanasukumwa na tamaa ya kawaida tu. Kipimo cha usaikopathi cha mwanasaikolojia Robert Hare kina vigezo 20, kila kimoja alama 0 hadi 2, na Amerika ya Kaskazini mtu huhesabiwa saikopathi akifikisha 30 kati ya 40. Kukosa huruma ni kigezo kimoja tu, kwa hiyo peke yake hakivuki alama 2. Mpimaji aliyefunzwa humhoji mtu na pia kusoma mafaili yake, maana akitegemea maneno ya mhusika atadanganywa. Hapo ndipo majaribio ya dakika tano ya mtandaoni yanapokwama: mhusika anajipa alama mwenyewe, na faili hakuna. Tena kipimo hiki ni cha watu wazima. Mtoto mkorofi wa darasa la sita hapimwi nacho.