Mbwa Anayewarukia Wenzake Njiani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Huyu ana kiburi, anataka kutawala." Ndilo jibu la kwanza utakalopewa Tanga mjini ukisema mbwa wako ni mpole getini lakini akimwona mwenzake barabarani anageuka simba. Wazo hilo lilitokana na uchunguzi wa mbwa mwitu wa nchi za baridi waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama, ambao mtafiti wa wanyama Rudolf Schenkel aliuandika mwaka 1947. Mwaka 1999 David Mech, mtafiti mwingine wa mbwa mwitu hao ambaye awali naye alilieneza wazo hilo, alieleza kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Mbwa wako hagombei ufalme wa Ngamiani. Mara nyingi anaogopa, na kamba imemnyima nafasi ya kukimbia. Anabweka na kuruka, yule mwingine anapita zake, naye anajifunza kwamba kelele zimemwokoa. Kesho atazianza mapema zaidi. Wapo pia wanaotamani kumfikia mwenzao, wakizuiwa hamaki inapanda, hasa mbwa anayeshinda amefungwa mnyororo getini akitazama wapita njia kutwa nzima.

Kuna sababu nyingine ambayo watu huiruka: maumivu. Sikio lililooza ndani au nyonga inayouma humfanya mbwa asitake kusogelewa. Aliyekuwa mpole akabadilika ghafla apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya mafunzo yoyote, na kama chanjo yake imepita muda, kichaa cha mbwa kifikiriwe. Usimshike mdomo kumchungulia.

"Mchape, atashika adabu." Hapa ndipo madhara makubwa hutokea. Mbwa huunganisha kinachomuuma na kile anachokitazama wakati huo. Kila akimwona mwenzake anapigwa fimbo au kuvutwa shingo, basi mwenzake ndiye anakuwa habari ya maumivu, na hofu inaongezeka badala ya kupungua. Baya zaidi ni kumpiga kwa sababu amenguruma. Mngurumo ni kengele. Ukiizima, moto haujazimika, umebaki na mbwa anayeng'ata bila onyo.

"Waache wazoeane, watamalizana wenyewe." Hawamalizani, wanachanana. Mbwa wawili wenye kamba wakikutanishwa uso kwa uso hawawezi kuzungukana kwa upinde kama wafanyavyo wakiwa huru, na kamba iliyokazwa huwasimamisha kifua mbele, kana kwamba wanashindana. Usidanganywe na mkia pia. Mkia uliosimama wima ukitikisika harakaharaka, mwili umekakamaa, mdomo umefumbwa na macho hayapepesi, hiyo si furaha. Hapo una sekunde chache tu za kugeuka.

"Kumpa nyama anapobweka ni rushwa." Anayesema hivi ana hoja kidogo, kwa sababu wengi hutoa nyama wakiwa wamechelewa. Mbwa akishapandwa na hasira hajifunzi kitu, hata maini atayaacha. Kazi yote iko kwenye umbali. Tafuta umbali ambao anamwona mwenzake lakini bado anaweza kula na kukugeukia. Kwa wengine ni mita 15, kwa wengine 50. Mitaa ya Ngamiani haifai kuanzia, maana kwenye kona mnakutana ghafla. Njia pana za Raskazone alfajiri ni afadhali, kabla jua halijawaka, ingawa mageti yenye mbwa wa ulinzi yapitwe kwa upande wa pili wa barabara. Mwalo wa samaki na majalala ukae mbali navyo: mbwa koko hukusanyika penye matumbo ya samaki, na wale hawana mwenye kuwaita.

Andaa maini au kuku wa kuchemsha asiye na mifupa wala vitunguu, vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, kama 40. Mbwa wa pili akionekana, hesabu moja, kisha toa kipande, na kingine, na kingine, mpaka apotee machoni. Akishapotea, mkono usimame. Utaratibu huu usigeuzwe: ukianza kutoa nyama kabla mwenzake hajaonekana, mbwa anaanza kuishuku nyama yenyewe. Dakika 10 hadi 15 zinatosha, mara tatu au nne kwa wiki. Siku akimwona mwenzake halafu akageuza shingo kukutazama wewe, kama anayedai chake, somo limeingia. Yakitokea hayo matembezi matatu mfululizo, punguza mita mbili au tatu, si zaidi. Akibweka, usimkaripie. Umekaribia mno, rudi nyuma. Wengi hukwama hapa: wiki ya kwanza inakwenda vizuri, ya pili wanataka kupishana bega kwa bega.

Mfundishe pia neno "geuka" ukiwa uani, penye utulivu, kabla ya kulihitaji barabarani: unasema, unageuka nyuma, akikufuata anakula. Kamba iwe mita 1.5 hadi 2, imelegea kama mbeleko iliyoshuka, imefungwa kwenye mkanda wa kifuani na si wa shingo. Ya katani haiunguzi kiganja ikichomoka kama ya nailoni, lakini ikilowa mara kwa mara huoza, basi ikague kila wiki. Mnyororo ni mzito, na mlio wake humtia mbwa wahaka. Ukiona watu wanaelekea msikitini, fupisha kamba na usimame pembeni. Wenzako wana udhu wao.

"Kumfunika mdomo ni ukatili." Inategemea kifuniko. Cha kitambaa kinachobana taya ni hatari kwa joto la pwani, kwa kuwa mbwa hupoa kwa kuhema mdomo wazi. Cha umbo la kikapu kinamwacha ahema na kunywa maji. Mzoeshe kwa siku 7 hadi 10, akila kutoka ndani yake kwanza, mkanda ukifungwa baadaye.

"Mhasi, ataacha." Kuhasi hupunguza kuzurura na baadhi ya ugomvi wa madume penye jike aliye kwenye joto. Hofu haihasiwi.

Na wakishashikana, "ingiza mkono uwatenganishe" ndiyo njia ya haraka ya kung'atwa na mbwa wako mwenyewe. Mwaga ndoo ya maji, piga sufuria, au sukuma ubao katikati yao. Watu wawili wanaweza kuvuta miguu ya nyuma kwa pamoja, kila mmoja wake, wakirudi kinyumenyume, lakini si wakati mbwa mmoja ameuma na hajaachia: nyama itachanika. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, lisifungwe kwa kubana, kisha aende hospitali ya Bombo au kituo kingine cha afya siku hiyohiyo, hata kidonda kikiwa mkwaruzo, na kadi ya chanjo ya mbwa iende naye.