Hajapona, amejikaza

Juzi nimeambiwa tena, safari hii na baba mmoja wa Kimara: "Dokta, binti yetu amepona usonji. Mikono imetulia kabisa."

Usonji (autism) si homa, hauponi. Hilo sitalirefusha. Linaloniuma ni hiyo mikono.

Binti ana miaka 11. Zamani akifurahi alirusharusha mikono karibu na masikio. Kelele zikizidi, anayumba mbele na nyuma. Shuleni wakamcheka, akachapwa rula, akaacha. Nikamwomba anionyeshe kiganja. Akakikunjua taratibu: alama nne za kucha, mbili bado mbichi. Basi mikono haikutulia, imehamia chini ya dawati. Mama yake akaongeza kwamba akirudi nyumbani, hata viatu hajavua, anajikunyata nyuma ya mlango na kulia mpaka magharibi. Wao wanaita deko. Mimi naona mtoto aliyejikaza tangu saa moja asubuhi, na hapo ndipo anapoweza kujiachia.

Kurusha mikono kunamtuliza sauti na mwanga vinapomzidi, na ndivyo anavyosema "nimefurahi" bila kufungua mdomo. Ukimzuia, kelele ya feni ya darasani haipungui. Umemnyang'anya tu cha kujishikilia. Hata DSM-5, mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 tunaoutumia kupima usonji, unakiri kwamba dalili zinaweza kufunikwa na mbinu alizojifunza mtu. Sisi bado tunapima kwa macho, tena haraka. Kujigonga kichwa ukutani ni jambo jingine: hapo mlinde, kisha tafuta chanzo.

Lakini ndani ya daladala la Mbagala, jioni, abiria wakianza kunong'ona kwamba ana mapepo? Nimwambie ajiachie, na mimi simo humo ndani? Wapo vijana wanaojikaza kwa kujilinda, na sioni kama nina haki ya kuwavua ngao hiyo. Jibu sina. Ninachojua ni kwamba miaka yangu ya mwanzo katika tiba kazi (occupational therapy) nilikuwa nasema "mikono chini", na mtoto akitii nampa pipi. Naamini kuna watoto niliowafundisha kujificha, nami nikaandika kwenye faili kwamba wana maendeleo.

Kwa sasa nimewaomba wazazi nusu saa tu akifika nyumbani: asiulizwe kitu, asiitwe kusalimia wageni, chumba kiwe na giza kidogo. Jumatatu naenda kumwona mwalimu wake, ahamishwe dirishani, mbali na ile feni inayolia.