GPA ya 4.3 na GPA ya 3.9: nani kamzidi mwenzake?

Harusini, msibani, nje ya msikiti au kanisa, wazazi wetu walioko Marekani hawakosi kuulizana: mwanao wa sekondari ana GPA, yaani wastani wa alama za masomo yake, ngapi? Mmoja anasema 4.3, mwingine anasema 3.9, na papo hapo hukumu imeshatoka. Kumbe huenda huyu wa 3.9 ndiye mwenye A nyingi zaidi. Shule yake haiongezi kitu juu ya alama, basi. Tuyapitie maneno tunayoyasikia kila siku kuhusu namba hizi.

"Tano ni tano, hata Mlimani GPA inaishia tano."

Hapa ndipo wengi waliosoma Dar es Salaam wanapoteleza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinahesabu A kuwa 5, kozi iwe nyepesi au ngumu, na kinachotofautisha kozi ni idadi ya uniti zake tu. Sekondari ya Marekani inaanzia kwingine: A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni sifuri. Hiyo ndiyo GPA ya kawaida, na mwisho wake ni 4.0. Yenye uzito ni ile ambayo shule huongeza kitu kwa masomo magumu. Mara nyingi ni pointi 1 nzima kwa kozi za AP na IB, ambazo ni masomo ya ngazi ya chuo yanayosomwa sekondari, na nusu pointi kwa zile zinazoitwa Honors, yaani somo la kawaida lililofanywa gumu zaidi. Nasema mara nyingi kwa sababu Marekani haina NECTA wala KNEC ya kuwapangia wote. Ziko wilaya za shule zinazofika 6.0, ziko zinazotumia wastani wa kati ya mia, na ziko zisizoongeza chochote. (Aliyezoea kwamba Division I ya pointi 7 ndiyo ya kutambia mtaani itamchukua muda kuzoea kufurahia namba ikipanda.)

"Unajumlisha alama, unagawa kwa idadi ya masomo."

Karibu, ila si sawa. Uzito uko wa aina mbili, na watu wanauchanganya: uzito wa ugumu wa somo, na uzito wa krediti, yaani somo limesomwa mwaka mzima au muhula mmoja.

Tuchukue binti wa darasa la 11. Ana A ya Biolojia ya AP (5.0), B ya Historia ya AP (4.0), A ya Kiingereza cha Honors (4.5), B ya Hisabati ya kawaida (3.0), A ya Kihispania (4.0) na A ya michezo (4.0). Yote ni ya mwaka mzima, krediti moja moja. Jumla ni 24.5. Gawa kwa 6, unapata 4.08. Bila nyongeza jumla ni 22, na wastani ni 3.67. Binti ni yuleyule, mwaka ni uleule.

Sasa mwongezee somo la afya la muhula mmoja, nusu krediti, amepata B. Wengi wanaongeza 3.0 na kugawa kwa 7, wanapata 3.93 na kuanza kumgombeza. Sivyo. B hiyo unaizidisha kwa nusu kwanza, inakuwa 1.5. Jumla inafika 26, krediti ni 6.5, na GPA yake ni 4.0 kamili.

Kosa hilohilo hurudi pale mtu anapochukua GPA za miaka minne, akazijumlisha na kugawa kwa nne. Kama mwaka mmoja ulikuwa na krediti 8 kwa 3.0 na mwingine krediti 6 kwa 4.0, wastani wa miwili ni 3.43. Hauwi 3.5.

"Ukipata A, GPA haiwezi kushuka."

Inaweza, na hili huwauma watoto wenye bidii. Mwanafunzi mwenye masomo matano ya AP, yote A, yuko kwenye 5.0. Akijiunga na bendi ya shule na kupata A, bendi haina nyongeza, kwa hiyo inaingia kama 4.0. Wastani unashuka hadi 4.83. Wapo wanaoacha muziki kwa ajili hiyo tu. Mimi naona ni hasara, ila hesabu yao haijakosea.

"Akifeli mtihani wa AP, GPA inaanguka."

Hapana. Mtihani wa AP hufanywa Mei, majibu hutoka Julai, nayo ni namba kati ya 1 na 5 isiyo na uhusiano na 5.0 ya GPA. Kinachoingia kwenye GPA ni alama ya mwalimu darasani.

"Vyuo vinaangalia namba iliyoandikwa kwenye cheti."

Vyuo vingi hupiga hesabu upya. Mfano ulio wazi ni Chuo Kikuu cha California, chenye kampasi kama Berkeley na UCLA. Wao huchukua masomo yanayotambuliwa tu, kuanzia likizo ya baada ya darasa la 9 hadi likizo ya baada ya darasa la 11. Alama za kujumlisha na kutoa hawazijali: A- ni A. Nyongeza wanatoa kwa mihula 8 ya masomo tu (somo la mwaka mzima ni mihula 2), na isiyozidi 4 kati ya hiyo itoke darasa la 10, hata kama mtoto amesoma AP kumi na tano. D haiongezewi kitu. Anayetoka nje ya California, Honors za shule yake hazimpi nyongeza. AP na IB ndizo zinazompa.

Lakini usikimbilie kusema basi GPA ya shule ni bure. Huko Texas, sheria ya mwaka 1997 inawapa wanafunzi walio katika asilimia 10 ya juu ya darasa lao nafasi ya moja kwa moja katika vyuo vikuu vya jimbo, ingawa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin kimeruhusiwa kubana zaidi ya hapo. Na nafasi ya darasani hupangwa na wilaya ya shule, mara nyingi kwa GPA yenye uzito. Huko tofauti ndogo baada ya nukta ina maana, na mzazi anayo haki ya kuomba kanuni za wilaya ajionee nyongeza inavyotolewa.

"Darasa la 12 halihesabiwi, apumzike."

Ni kweli California hawaliweki kwenye GPA yao. Ila wanataka kuona masomo yake, udahili wenyewe ni wa masharti, na cheti cha mwisho chenye alama za mwaka huo kinatakiwa kiwafikie kabla au ifikapo Julai 1.