Chakyar si kila mcheza Kutiyattam

Kila picha ya mwigizaji wa Kerala aliyepakwa rangi usoni inaposambaa mtandaoni, haikosi mtu wa kuandika chini yake: "Chakyar akicheza Kathakali." Tuanze na Chakyar mwenyewe.

Chakyar ni mtu wa ukoo. Ni jamii ndogo ya watumishi wa hekalu huko Kerala, kusini-magharibi mwa India, waliorithishana vizazi kwa vizazi kazi ya kuigiza Kutiyattam, yaani tamthilia za Kisanskriti zinazochezwa kama sehemu ya ibada ya Kihindu. Basi.

Kathakali ni mchezo mwingine, na ni mdogo kwa umri: ulijijenga katika karne ya 17, ukachota mengi kutoka Kutiyattam. Mcheza Kathakali hasemi, waimbaji ndio wanaomsemea. Chakyar hughani beti mwenyewe, kisha hulifafanua kwa mikono na macho, na beti moja linaweza kumla saa nzima na zaidi. Akicheza peke yake kama mchekeshaji, katika kile kiitwacho Chakyar Koothu, husimulia visa vya miungu kwa Kimalayalam huku akiwasuta waliokaa mbele yake. Mila hairuhusu kumjibu, hata anayesutwa awe mfalme.

Kinachoudhi zaidi ni wanaoita kikundi kizima "Wachakyar". Yule anayepiga mizhavu, ngoma ya shaba yenye umbo la mtungi, kwa desturi ni Nambiar, wa jamii nyingine. Mwanamke anayeigiza ni Nangiar, wa nyumba za Wanambiar hao hao. Si dada wa Chakyar: wanawake wa Kichakyar, kwa mila, hawapandi jukwaani kabisa. Nangiar ana hata mchezo wake wa peke yake, Nangiarkoothu, unaosimulia habari za mungu Krishna. Kumwita Chakyar ni kumvua jina la kwao.

Wapo pia wanaodhani kwamba ukijifunza Kutiyattam unageuka Chakyar. Zamani swali hilo lisingezuka, maana mchezo haukutoka nje ya hekalu. Painkulam Rama Chakyar ni mmoja wa walioutoa, katikati ya karne ya 20, na baadhi ya wenzake hawakufurahi. Mwaka 1965 akaanza kuufundisha katika chuo cha Kerala Kalamandalam, na milango ikafunguliwa kwa waliozaliwa nje ya ukoo. Mmoja wao, Sivan Namboodiri, alikuja kuwa gwiji wa fani hiyo, lakini jina lake limebaki Namboodiri, la jamii aliyozaliwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoandika maelezo ya picha, "mwigizaji wa Kutiyattam" inatosha, ikiwa kweli ni Kutiyattam. Hilo la Chakyar liandikeni mkishajua kwao ni wapi.